Mtaro wa Sakafu ya Mama

Mwaka wa sitini na moja, mwaka wa uchaguzi, ndugu zangu wawili walikuwa hawasalimiani. Duni chama hiki, Mjaka chama kile, na hapa Mgogoni watu walishafika pa kutozikana. Upuuzi mtupu!

Duni akataka kujenga sakafu ya kuanikia karafuu mbele ya nyumba ya marehemu mama. Vema. Visiki vikang'olewa, kifusi kikamwagwa, ardhi ikasawazishwa. Lakini maji ya mvua lazima yapate pa kwendea, na njia ya mtaro hadi bondeni ilipita katika mpaka wa Mjaka.

Nikamwendea Mjaka mimi, dada yao mkubwa.

“Sebu!” alikataa. “Maji ya kyama kyao hayapiti kwangu.”

Maji nayo yana chama! Nilitamani kumzaba kofi, na ndevu zake zile.

Duni naye, kwa kiburi, hakwenda kumwomba nduguye. Aliugeuza mteremko upande wa pili, kisha akatuita wanawake tuje kupigilia sakafu.

Tulikuja na vipande vyetu vya mti vya kupondea, Mwatima, mwimbishaji wetu, keshaanza wimbo. Nikaufuata ule mteremko kwa macho. Ulishukia kwenye mashahidi mawili, alama za kichwani na miguuni pa kaburi la mama.

“Hapigi mtu!” nikasema.

“Dada, n'taweka mawe ya kuyazuia maji,” Duni akanong'ona.

Mawe! Nikampigia Mjaka ukelele mpaka akatoka, akasimama mpakani kwake. Nikatwaa mtungi wa maji, nikaumimina wote juu ya ile ardhi. Maji yakashuka, mekundu kwa udongo, yakaenda kutuama kichwani pa mama.

“Haya, nambieni nyiye,” nikasema, “huyu alikuwa kyama gani?”

Mjaka akageuka akaenda zake, nikadhani amekimbia. Akarudi na jembe, akaanza kulibomoa tuta la mpaka wake mwenyewe. Duni akachukua la kwake, akaanzia huku juu.

Walichimba hadi majembe yakagongana. Hata hapo, salamu hakuna. Mjaka akanigeukia mimi.

“Mwambie mwenzio aongeze kina.”

“Mwambie weye! Si huyo mbele yako?”

Wanawake wote walikuwa wakimtazama. Mjaka akajifuta jasho.

“Duni,” akasema, “ongeza kina.”