Trei ya Ulimi wa Ng'ombe

Baba alikuwa na mbegu kumi na mbili, na mimi nilizimwaga. Nasema mapema ili msinionee huruma bure.

Zilikuwa za ua la porini tuliloliita ulimi wa ng'ombe, kwa sababu majani yake yana vinywele vinavyokwaruza. Huchanua rangi ya waridi, kisha likikomaa hugeuka buluu ambayo Baba alisema hajaiona kwingine. Marehemu mama alilipenda sana. Lilimea kwenye kilima kimoja tu nyuma ya mji, na kilima chenyewe kilikuwa kimeshasagwa kokoto. Baba, aliyezeekea kwenye kitalu chetu cha miche, alikuwa na presha ya macho. Daktari alimwambia ahesabu miezi, si miaka.

"Niione buluu ile mara moja tu," aliniambia. "Halafu giza lije, sitaligombeza."

Tukazipanda kwenye trei. "Mbegu hii ina kiburi," akanionya. "Inaweza kulala hata mwaka mzima. Usiiguse."

Subira mimi nilinyimwa. Kitaluni kwetu, trei isiyoota kwa wiki sita humwagwa, udongo ukachekechwa, ukajaziwa kwenye mifuko ya miche mingine. Ni sheria ya Baba mwenyewe: udongo mzuri hautupwi. Wiki aliyolazwa kufanyiwa upasuaji wa jicho, niliimwaga trei ile pamoja na nyingine nane. Mkono ulishazoea. Nilikuja kukumbuka nanawa, na nilishachanganya kila kitu.

Kumwambia nilishindwa. Alirudi jicho moja lina bandeji, la pili linaona ukungu. Nikajaza udongo mtupu kwenye trei, nikairudisha palepale.

"Zimeota, mwanangu?"

"Bado, Baba."

"Nyunyizia kidogo. Usizizamishe."

Kila asubuhi alivuta kiti, akakaa kusikiliza nikinyunyizia maji pasipo na kitu. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu ilikwenda miezi minane, na katika miezi hiyo macho yake yote mawili yalizimika. Siku aliyoacha kutaja buluu, akawa anauliza tu kama zimeota, nilikwenda nyuma ya lundo la samadi nikalia mpaka kwikwi.

Kisha akaja fundi cherehani, mteja wetu, kakunja uso, mkononi ana mfuko wa plastiki.

"Shikamoo, mzee. Huyu binti yako kaniuzia mlimao wenye magugu! Nusura yaumeze mti wangu. Nimekuletea moja mlione wenyewe."

"Marahaba, mama. Lete."

Akaliweka mezani. Mzizi mrefu umekatika, majani yamelegea, na juu kuna maua manne: matatu ya waridi, moja la buluu. Hakukuwa na mbegu hata moja iliyokomaa. Nilikuwa sijawahi kuiona buluu ile, na niliiona mimi, nisiyestahili.

"Mengine yako wapi?" nikauliza.

"Nimeng'oa yote, nikachoma. Ulitaka niyafuge?"

Baba alinyoosha mkono. Vidole vikapapasa jani, vikasimama, vikarudi tena polepole kinyume cha vinywele. Nilimpa fundi mche mwingine, nikamwomba radhi, akaenda zake.

"Limegeuka?" Baba akauliza.

"Moja."

"Likoje?"

Mimi ambaye mdomo wangu mtaa mzima unaukimbia, nilitafuta neno nikalikosa. "Buluu," nikasema. "Buluu tu, Baba."

Akatikisa kichwa. Alilishika jani lile mpaka jioni, likamkaukia kiganjani.

Asubuhi yake nilimkuta keshavuta kiti karibu na trei.

"Mwagilia," akasema.

"Baba, hamna kitu humo. Nilizimwaga ulipokuwa hospitali."

"Najua."

"Tangu jana?"

"Tangu mwezi wa pili wa kungoja. Wewe uingoje trei bila kulalamika hata siku moja? Nimekulea mimi."

Nikachuchumaa kando ya kiti chake. "Sasa kwa nini ulikuwa unauliza kila siku?"

"Ungeacha kuja kukaa na mimi asubuhi," akasema. "Mwagilia, mwanangu."

Nikachukua kopo, nikamwagilia.