Damu ya Mzee ya Kupooza

Mwalimu mstaafu aliusoma mkebe, akavua miwani, akaifuta, akausoma tena.

"Nani ameandika haya?"

"Mimi, babu," alijibu mjukuu wake, binti aliyekuwa akitengeneza rangi katika karakana yake mwenyewe. "Hiyo ni rangi inayopoza nyumba."

"Kupoza ni kuondoa joto. Wewe umeandika kupooza. Unataka paa langu lipate kiharusi?"

Kweli, ubavuni mwa kila mkebe kulikuwa na maandishi makubwa: DAMU YA MZEE, YA KUPOOZA.

"Nitasahihisha, mume wangu," mjukuu alimtania babu yake. "Ila kwanza tupake, utachemka humu."

Hakutia chumvi. Bati lile la rangi ya damu ya mzee lilimeza jua mchana kutwa na kulitapika sebuleni, hata bibi akahamia kwa dada yake. "Paa likipoa, nitarudi," alisema akifunga sanduku. "Lakini ukilipaka jeupe kama zahanati, hunioni." Mwalimu akajibu kwamba asiyeliweza jua ahamie mwezini. Tangu hapo alikunywa chai isiyo na sukari, kwa kuwa hakujua sukari huwekwa wapi, na kupiga simu kuuliza kungekuwa kusalimu amri.

"Itabaki damu ya mzee ileile?" aliuliza, kana kwamba jibu halimhusu.

"Ileile kwa macho. Lakini sehemu kubwa ya joto la jua imo katika mwanga usioonekana. Rangi hii haiumezi mwanga huo, inaurudisha ulikotoka."

"Kama mwanafunzi anayekutazama usoni na hakuna kinachomwingia."

"Hasa, babu!"

Wakapaka. Kesho yake, rangi ilipokwisha kukauka, mikebe mitupu ilipangwa langoni, kosa likiwa palepale. Jirani yao, fundi cherehani, akapita, akasoma, akamhurumia bibi na kumpigia simu.

"Mama, pole. Hapa langoni pameandikwa damu ya mzee, ya kupooza..."

Bibi hakungoja neno la pili. Jua likiwa la utosi, mlango ulifunguka kwa kishindo, naye akaingia mbio, mguu mmoja kiatu chake, mwingine cha dada yake.

"Mwalimu! Upande gani? Inua mkono!"

Mwalimu akainua yote miwili, mithili ya mtoto aliyekamatwa na maembe ya watu.

"Nimepatwa na nini?"

"Nimeambiwa damu yako imepooza!"

Mwalimu akachungulia dirishani, akaiona mikebe, akaelewa. Kabla hajafumbua kinywa, bibi alikuwa akitazama dari.

"Mbona humu kumepoa? Umepaka jeupe, siyo?"

Akatoka, akalikodolea macho paa lililobaki damu ya mzee ileile, akarudi. Akajitupa kitini pake.

"Basi nami nimepooza. Siinuki hapa."

"Umepoa," Mwalimu alisahihisha.

"Nimepooza! Ninyanyue wewe, kama unaweza."

Mjukuu akaingia na brashi mkononi.

"Babu, nakwenda kufuta ile O ya ziada."

"Iache."

"Lakini ni kosa, babu. Wewe mwenyewe..."

"Nimesema iache!" alinguruma kwa sauti ya darasani. Kisha akakohoa, akageukia ukuta. "Na umwulize bibi yako sukari iko wapi."