Paka wa Baruti

Mtaani walimwita Baruti, na jina hilo hakusingiziwa. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa fundi wa kulipua miamba kwenye machimbo ya kokoto nyuma ya mtaa huohuo, akastaafu na macho yote mawili na vidole vyote kumi, jambo alilopenda kuwakumbusha watu. Kwa hiyo ukumbi mpya wa sherehe ulipofunguliwa barabara ya pili na kuanza kurusha fataki kila Jumamosi jua likizama, yeye alitoka nje kuzikosoa.

"Hii nayo ni milio?" alimwambia mkewe. "Hizi ni chafya."

Ndani, paka wao hakuona cha kuchekesha. Soksi, mweusi mwenye miguu myeupe, alikimbia ukuta hadi ukuta, akaangusha sufuria, akajichimbia nyuma ya jokofu. Baruti akaingiza mkono amtoe, amwonyeshe kwamba hakuna kitu. Mkono ulirudi na mikwaruzo minne.

"Paka mzima, mwoga hivi!"

"Mwache," alisema mkewe, mshonaji wa sare za shule, mwanamke asiyependa maneno mengi. "Ukimvuta atakuogopa na wewe."

Jumamosi iliyofuata mkewe alianza mapema. Alimlisha paka, akafunga madirisha, akashusha mapazia. Ndani ya kabati la nguo, chini kabisa, aliweka boksi lenye sweta lake kuukuu, mlango wa kabati akauacha wazi kidogo. Kisha akaketi kwenye cherehani na kuanza kukanyaga polepole, bila kusimama.

Fataki zilipopasuka, Soksi aliingia mwenyewe kwenye boksi. Alitetemeka, lakini hakukimbia. Cherehani iliendelea kunguruma, na Baruti, akiwa ameegemea mlango, akaona kwamba chini ya sindano hakukuwa na sare yoyote. Mkewe alikuwa anashona kitambaa chakavu, mistari mitupu, mmoja kando ya mwingine. Vitambaa vya namna hiyo alivijua. Miaka nenda miaka rudi alikuwa akivibeba kwenda kazini kufutia mikono, akidhani mkewe anajaribia cherehani.

"Haya mambo nani kakufundisha?"

Mkewe hakuinua uso. "Saa nane mchana, kila siku ya kazi. King'ora chenu cha machimboni kikilia, nilikuwa nafunga madirisha, nakaa hapa, nashona chochote mpaka milio iishe."

"Miaka yote hiyo?"

"Hesabu mwenyewe."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia mwaka wa kwanza. Ukacheka, ukasema nitazoea. Nikaona ndiyo kazi inayotulisha, nikanyamaza."

Baruti alikitafuta kicheko hicho kichwani mwake asikipate, na hilo ndilo lililomuuma zaidi: kwamba kwake kilikuwa kitu kidogo kiasi cha kusahaulika.

"Na ulizoea?"

"Nilizoea kuogopa."

Baruti akaketi sakafuni kando ya kabati, magoti yakilalamika. Kule machimboni yeye ndiye aliyekuwa akibonyeza kitufe. Aliijua sekunde yenyewe. Sasa alikaa kwenye kivuli cha kabati kama paka, asijue mlio ujao utatoka lini wala upande gani. Ulipokuja, bega lilimruka. Akamtazama mkewe kwa aibu, lakini mkewe alijifanya hakuona.

Jumatatu akaenda ukumbini.

"Mzee, umekuja kulalamika?" meneja aliuliza, akiwa amejiandaa kwa ugomvi.

"Nimekuja kuomba saa. Nijue mnaanza saa ngapi na mnamaliza saa ngapi. Nyumbani kuna watu wanaoogopa."

Meneja aliahidi kumtumia ujumbe kila Jumamosi asubuhi, na ahadi akaitimiza. Soksi hakupona. Hata baada ya miezi miwili, mlio wa kwanza ulimpeleka mbio kwenye boksi. Ila sasa hakusubiri mpaka kesho yake kutoka. Robo saa baada ya kelele kuisha, alikuwa jikoni akidai chakula.

Jumamosi moja mkewe alikuwa amechoka kukanyaga. Aliiacha cherehani, akaketi sakafuni karibu na mumewe aliyekuwa ametoka kupika. Fataki ya kwanza ikapasuka.

"Nikuzibe masikio?" Baruti aliuliza.

"Mikono yako inanuka vitunguu."

"Nizibe, nisizibe?"

Mkewe akamsogelea.

"Ziba."