Kiyoyozi Kilichomtaka Baba

Binti yangu alinipigia simu Jumamosi asubuhi, sauti imemkauka.

"Baba, kiyoyozi kimekata roho. Mtoto hajalala siku tatu. Vipele vya joto vimemjaa mpaka kwenye kope."

"Usimwite fundi wa mtaani," nikamwambia. "Nakuja."

Mimi nilianza shule ya usiku nikiwa na miaka arobaini na mmoja, nikatoka na cheti cha umeme. Jumamosi hiyohiyo, saa tisa alasiri, nilitakiwa kutoa hotuba mbele ya wahitimu wapya wa shule ile. Kurasa kumi na nne, nimeziandika kwa mkono wangu. Nikaona muda unatosha.

Nikaingia sebuleni na sanduku langu la zana. Kabla sijalitua, kiyoyozi kikaguna, kikaanza kupuliza baridi tamu.

"Mzee, umekitisha!" akasema mkwe wangu, ambaye ni mwalimu wa hisabati.

Nikaaga. Nilipovuka geti tu, binti yangu akapiga kelele dirishani: "Kimezima!" Nikarudi, kikawaka. Nikatoka, kikazima. Mara ya tano, jirani wa ng'ambo ya barabara akatoa kiti nje ili atazame vizuri.

Hapo nikakasirika. Nikapanda ngazi, nikakifungua. Nikaosha vichujio, nikakaza nyaya, nikapima kapasita ya kuwashia mota, nikasugua feni ya nje hadi ikang'aa. Sikuona kasoro hata moja. Nikakifunga, nikatoka. Kikazima.

"Basi Baba, hamia huku," binti yangu akasema.

"Mimi nina nyumba yangu. Siwezi kuwa kipuri."

Mkwe wangu akachukua daftari. "Mzee, huenda hakikuhitaji wewe wote. Tukupunguze kidogokidogo."

Tukaacha sanduku ndani, nikatoka. Kimya. Tukaacha viatu. Kimya. Saa, miwani, shati, suruali. Mkwe akawa anakata kimoja kimoja kwenye orodha yake. Mwishowe nikajikuta nje ya geti nimejifunga shuka la binti yangu.

"Babu, wamekufukuza?" jirani akauliza.

"Niko kazini," nikamjibu.

Ilipofika saa nane kilikuwa kimebaki kitu kimoja tu. Nikatoa meno yangu ya bandia, ya juu na ya chini. Binti yangu akayatia kwenye glasi ya maji, akapanda ngazi, akayaweka juu ya kiyoyozi. Nikavuka geti.

Kikanguruma kama simba aliyeshiba.

Mkwe, kwa vile ni mtu wa hisabati, akataka kujua kama ya juu peke yake yangetosha. Tukajaribu. Kikatoa upepo wa vuguvugu. Tukarudisha yote.

Nikavaa nguo zangu, nikainama juu ya kochi. Mjukuu wangu alikuwa amelala, mdomo wazi, vidole vimelegea. Binti yangu akaniangalia kwa macho mekundu ya siku tatu.

"Chukua meno yako, Baba. Hotuba umeifanyia mazoezi mwezi mzima. Sisi tutampepea." Tayari alikuwa amelishika daftari la mumewe.

Nikatazama saa. Nikatazama glasi. Kurasa kumi na nne!

"Mwache alale," nikasema, ingawa ilitoka kama upepo mtupu.

Shuleni waliniita jukwaani kwa vigelegele. Nikashika kipaza sauti, nikatafuta neno ambalo ningelitamka bila kuwarushia mate waliokaa mbele.

"Someni," nikasema. Nikarudi kuketi.

Ukumbi mzima ukasimama. Mkuu wa shule akaniambia hajapata kusikia hotuba nzito kama ile.

Siku hizi ninakula vitu laini. Meno nitarudishiwa msimu wa baridi. Mkwe ameahidi kwa maandishi. Kwenye glasi amebandika karatasi: USIGUSE, SEHEMU YA MASHINE. Wageni wakiuliza ni nani aliyekitengeneza kiyoyozi, binti yangu huwajibu kwamba ni baba yake, na hapo hajaongeza chumvi hata punje.