Kitunguu Saumu Karibu na Jicho

Fundi cherehani alirudi nyumbani akamkuta mama mkwe wake akitwanga kitunguu saumu. Wiki nzima bibi huyo alikuwa akimwosha mjukuu wake kwa maji ya mwarobaini na kumpaka asali, lakini vidonda vilivyoanzia puani sasa vilikaribia jicho, na kope ilikuwa imevimba.

“Mshike kichwa,” alisema mama mkwe.

Mtoto alijificha nyuma ya gauni la mama yake. Tangu aolewe, fundi hakuwahi kumkatalia mkwewe jambo.

“Hapana, mama. Kitunguu hicho kitamuunguza. Nampeleka zahanati.”

Mama mkwe aliweka mchi chini, akajitanda, akawafuata njia nzima.

Nesi alilimulika jicho, akakunja uso. “Nani amekuwa akimtibu?”

Mama mkwe aliinamisha kichwa.

“Tulimtibu wenyewe,” fundi akasema. “Tulimpaka asali.”

“Mmewahi. Ugonjwa umeanza kuingia kwenye kope. Atameza dawa, na taulo lake asilitumie mtu mwingine.”

Mama mkwe alinyoosha mkono kupokea dawa. “Nieleze mimi, mwanangu,” alimwambia nesi. “Mchana nashinda naye mimi.”