Wasikilizaji, Mpo?

Saa nane mchana seva ya kituo cha redio ilikataa kuwaka, na aliyesababisha alikuwa amesimama mbele yake akitoka jasho jembamba. Asubuhi alikuwa ameusasisha mfumo wake. Hakutumwa na mtu. Kila siku mashine ilimwomba toleo jipya, naye akachoka kuombwa.

Kazini walimwita Kanda, kwa sababu miaka sita mizima alikuwa akihamisha kanda za zamani za kituo na kuziingiza kwenye seva hiyo. Alipomaliza, mwezi uliopita, meneja aliuliza kama masanduku ya kanda yanaweza kutupwa.

"Tupa tu," alijibu, kifua mbele. "Kila kitu kimeandikwa kwenye diski mbili pacha. Akifa mmoja, mwenzake yupo."

Kuna midomo ingefaa kubanwa kwa klipu. Diski pacha humlinda mtu diski moja ikifa. Hazimlindi na mikono yake mwenyewe. Nakala nyingine, mahali pengine, hakuwa nayo.

Sasa kioo kilikuwa cheusi na mstari mmoja mweupe: inasubiri md0. Hilo ndilo jina la pamoja la wale pacha wawili. Mashine ililiita, ikangoja dakika moja na nusu, ikakata tamaa na kumwachia Kanda mahali pa kuandika amri. Hakuna md0 aliyeitikia.

Vipindi vingine vyote vingepotea, angeomba radhi na kuacha kazi. Lakini humo mlikuwa na mama yake. Mama alikuwa mtangazaji wa asubuhi, na kila siku alifungua kipindi kwa kuuliza, "Wasikilizaji, mpo?" Kisha alinyamaza kidogo, na nyumbani jikoni bintiye huyu, kinywa kimejaa mkate, alipiga kelele: "Tupo!"

Tangu kiharusi cha mwaka jana mama hakuwa amesema neno. Mtaalamu wa matamshi alishauri asikilizishwe sauti yake mwenyewe, kila siku, saa ileile. Kanuni za kituo zilikataza kipindi kutoka nje ya jengo. Kuweka simu karibu na spika hazikukataza. Basi kila siku saa kumi kamili alasiri Kanda alipiga simu nyumbani, mama mdogo akaishika sikioni mwa dada yake. Siku ya tano midomo ikaanza kucheza. Leo ilikuwa siku ya tisa.

Kwa hofu alifuata maelekezo ya mtu wa mtandaoni asiyemjua: futa alama za utambulisho za diski ya kwanza, futa za pili, kisha unda safu mpya ya hizo mbili, uiite md0. Alifuta ya kwanza. Mashine ilipomuuliza kama ana hakika na ya pili, kidole kikagoma. Ndipo akanyanyua simu ya ofisi na kumpigia Bisibisi, fundi mstaafu aliyeijenga seva hiyo.

"Shikamoo mzee. Nimeharibu."

"Marahaba. Pole pole. Umeharibu nini?"

Akamweleza.

"Umefuta wangapi?"

"Mmoja."

"Mmoja kweli, au mmoja wa kunituliza mimi?"

"Mmoja, mzee wangu. Naapa."

"Toa mikono kwenye kibodi. Izime, iwashe. Usiunde kitu. Mimi niliunda, inatosha."

Akaiwasha. Ikakwama palepale.

"Sasa usiulize kama md0 yupo. Uliza nani yupo."

Kanda akaandika, akasoma. Diski moja kati ya mbili. "Kuna mtu hapa anaitwa md127," alisema. "Simjui."

"Unamjua sana. Ni yuleyule. Toleo jipya halikuona karatasi yangu ya majina, likambandika jina la kujitungia. Nawe umesimama mlangoni unaita jina la zamani! Fungua orodha ambayo mashine husoma ikiwaka, futa md0, andika ile namba yake ndefu. Jina hubadilishwa, namba ile kazaliwa nayo."

Herufi na tarakimu thelathini na mbili. Alikosea mara mbili. Simu yake ya mkononi ikalia; akailaza ya ofisi mezani, akapokea.

"Mwanangu, mbona kimya?" alisema mama mdogo. "Saa kumi imepita. Dada kaigeukia simu, anaitazama tu."

"Nakuja, mama mdogo."

"Unakuja wapi? Wewe weka kipindi!"

Kanda alikuwa akilia waziwazi. Akaiwasha seva. Mistari ikapanda, ikapita pale ilipokuwa ikikwama, na mafaili yakajipanga kiooni.

"Nakili kwanza!" Bisibisi alifoka kwenye simu ya mezani. "Huyo amebaki peke yake, usimguse kabla hujanakili!"

Alijua mzee yuko sahihi. Akafungua kipindi, akasogeza simu yake kwenye spika.

Mvumo wa kanda ya zamani, halafu sauti changa, yenye kicheko ndani yake: "Wasikilizaji, mpo?"

Kiti kikalia upande wa nyumbani. Mama mdogo akasema taratibu, "Dada?"

Kisha ikaja sauti nzito, ya kukwaruza, ambayo Kanda hakuitambua mara moja.

"Tu... po."

Mezani Bisibisi alikuwa bado anauliza. "Wewe binti, yupo? Nijibu basi, yupo?"