Ukuta wa Siku Tisa

Mkaguzi alisimama mbele ya ukuta mzima, mpango mkononi. Akatazama picha, akatazama ukuta, akarudi tena kwenye picha. Pichani mawe yalikuwa yamemwagika mteremko wote. Hapa mbele yake hapakuwa na jiwe hata moja lililolala mahali pasipo pake. Akauliza kama kweli ndipo hapa, na mpangaji mipango wa ofisi ya hifadhi akatamani ardhi ipasuke immeze.

Ndipo hasa. Hatua arobaini za ukuta ulioporomoka ndizo zilizokuwa moyo wa ombi lake, na ombi hilo alilihangaikia miaka miwili, akipanda na kushuka bonde alimozaliwa. Sheria ililihifadhi bonde zima, mashamba na wakulima wake ndani, kwa ajili ya kuta zake za mawe. Mababu walizipanga jiwe juu ya jiwe bila tone la saruji, nazo zikaushika udongo wa mlima usiteremke mtoni. Zikianguka, udongo unakwenda zake, na mtu halimi mwamba. Mabonde matano yaliuomba msaada mfuko wa uhifadhi uliomtuma mkaguzi huyu mwaka ule, na mfuko ungelichukua moja tu. Kama ushahidi, mpangaji alikuwa ameambatisha hata chupa ya maji kutoka mfereji ulio chini ya ukuta, maji mazito kama uji.

Sasa loo! Waashi wa bonde, baba yake akiwa mbele yao, walikuwa wamesikia kwamba mgeni anakuja. Na mgeni akija nyumba hufagiwa, hilo halihitaji kikao. Yeye alipokuwa mjini akipiga chapa nakala za mwisho, wao waliacha majembe yao siku tisa, wakatoa nyundo na timazi, wakaujenga ukuta wote. Walipomwona anashuka kwenye gari pamoja na mkaguzi, walijipanga kando wakitabasamu, kila mmoja amevaa shati safi.

Akamvuta baba yake pembeni.

"Baba, mmenimaliza. Mfuko unatibu kilichovunjika. Mficha uchi hazai."

Baba yake alikuwa akipangusa vumbi viganjani, taratibu, kidole kimoja kimoja. "Kweli, mwanangu," akasema. "Na anayemwandika aliye hai kuwa amekufa, yeye huzaa nini?"

Hakuelewa mara moja. Kisha akaelewa. Ukurasa wa kumi na nne wa ule mpango. Aliusoma kwa sauti kwenye mkutano wa wakazi miezi mitatu iliyopita: ujuzi wa kujenga kuta hizi umetoweka bondeni, kazi itahitaji mkandarasi kutoka mjini. Mwenzake mmoja ofisini ndiye aliyemshauri aandike hivyo, eti wafadhili hupenda kuokoa kilicho karibu kufa. Baba yake alikaa safu ya tatu, kofia gotini, na mwisho alipiga makofi na wenzake. Yeye akayachukua makofi yale kuwa ni ridhaa. Kumbe wazee walikwenda kutafuta jibu, na jibu lao lilichukua siku tisa.

Akakumbuka na jingine, ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Shuleni, kila walipoulizwa kazi ya mzazi, aliandika "mkulima", kwa sababu watoto wenzake walimcheka fundi anayerudi nyumbani mweupe kwa vumbi la mawe. Kwa hiyo uongo wa ukurasa wa kumi na nne haukuwa wa kwanza. Alikuwa ameanza zamani kumfuta baba yake kwenye karatasi.

Akarudi kwa mkaguzi, akaomba ule mpango, akafungua ukurasa, akaikata ile sentensi kwa kalamu mbele ya macho yake.

"Hii si kweli, mama, na aliyeiandika ni mimi. Mafundi wako hapa. Kuta nyingine kumi na saba bado zimeporomoka, na hawawezi kuacha mashamba yao kila mara wafanye kazi ya bure. Tunachoomba ni wao walipwe, na vijana wao wajifunze."

Mkaguzi alikuwa mama wa makamo, si mtu wa maneno mengi. Akamweleza wazi kuwa ombi lisilo na mkandarasi huwa linawekwa kando. Na ukuta wa siku tisa, akaongeza, si ushahidi wa kitu. Ukuta huhojiwa na mvua. Faili angelifunga mwisho wa mwezi.

"Mama amesema haki," baba mtu akadakia. "Hata mimi fundi wa siku tisa ningemkatalia."

Wazee wakacheka. Mpangaji hakucheka, ila kwa mara ya kwanza siku ile alisogea akaugusa ukuta. Mawe makubwa chini, madogo juu, kokoto zimeshindiliwa katikati, na uso wote umeegemea mlima kidogo tu. Alijaribu kulitikisa jiwe moja. Halikucheza. Alipanda mpaka mwisho wa zile hatua arobaini akijaribu moja baada ya jingine.

Mvua ilikawia, kisha ikaja siku nne kabla ya faili kufungwa, na ilikuja kweli. Ilinyesha mchana kutwa, ikapumzika, ikarudi. Kulipopambazuka alikuwa chini ya ukuta, amelowa chepechepe, chupa mkononi. Maji yalikuwa yakichuruzika katikati ya mawe, yakishuka mferejini, na huko juu udongo ulikuwa umebaki mashambani kwa wenyewe. Akakinga, akafunga kifuniko, akaenda kituo cha basi vivyo hivyo na matope yake miguuni.

Ofisini kwa mkaguzi chupa ya kwanza ilikuwa bado mezani, tope limetuama kidole kizima. Akaiweka ya pili kando yake. Mkaguzi akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaitikisa, akangoja. Akaitikisa tena. Hakikutuama kitu. Akaishusha polepole, akavuta fomu, akashika kalamu juu ya ile nafasi ya mkandarasi iliyokuwa imeachwa tupu.

"Fundi ni nani?"

"Baba yangu," akasema, kwa sauti iliyomfanya karani wa chumba cha pili anyanyue kichwa. "Baba yangu na wenzake kumi na mmoja. Waandike wote, mama. Nafasi isipotosha, nimekuja na karatasi."